Kugeuza modeli ya Impreza iwe gari la Safari Rally: mwongozo kwa anayekata plastiki mara ya kwanza

Ukishaunganisha modeli mbili tatu za magari kwa kufuata karatasi ya maelekezo, mkono huanza kuwasha. Unataka gari ambalo halipo kwenye boksi. Wengi hapo hukimbilia kulishusha gari hadi tumbo liguse chini, rimu kubwa, rangi ya kung'aa. Mimi nashauri kinyume chake: mara ya kwanza linyanyue gari, kisha ulitie vumbi. Rangi ya kung'aa haisamehe, mkwaruzo mmoja wa msasa unaonekana ukiwa umesimama mlangoni. Gari la Safari linaongezewa vitu vyenye maumbo mepesi, mabomba na vibati, kila kimoja kina kazi inayoeleweka, na mwishoni vumbi linasitiri mengi.

Mfano wetu ni Subaru Impreza WRC ya Tamiya, kipimo cha 1/24. Tamiya ni kampuni ya Shizuoka, Japani, mkoa huohuo walipo Hasegawa, Aoshima na Fujimi. Seti hii inatoa gari la rali ya Monte Carlo ya 1998, yaani gari la lami na theluji, lililokaa chini. Colin McRae na Nicky Grist walishinda Safari ya 1997 kwa Impreza ya milango miwili ya ukoo huohuo. Kwa hiyo bodi unayo tayari. Kinachokosekana ni vitu unavyoweza kutengeneza mezani. Kama ulichonacho ni Celica GT-Four, gari alilotumia Mkenya Ian Duncan kushinda mwaka 1994, au Lancer, fuata hatua hizihizi.

Kwanza picha, kisu baadaye

Tafuta picha za gari moja, la mwaka mmoja, na ukae nalo. Ukichukua ngao (mabomba ya kukinga uso wa gari) ya gari la 1992 na taa za gari la 2000, mtu anayeyajua mashindano haya atakuuliza ni gari la nani, nawe hutakuwa na jibu. Usichanganye pia na picha za sasa. Tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, magari hukimbia kwenye vipande vya barabara vilivyofungwa, na ngao za mabomba hazipo tena. Zamani barabara zilikuwa wazi. Gari la mashindano lilipishana na matatu, lori la mkaa na ng'ombe wa watu. Ndiyo maana taa ziliinuliwa juu ya fenda karibu na kioo cha mbele, ili anayekuja aone mwanga mapema. Ngao ilikuwa ya kukinga gari likigonga wanyama. Snokeli, lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo, ilikuwa ya kuvuta hewa juu ya maji ya mito na juu ya vumbi.

Ukijua kazi ya kitu hutakosea pa kukiweka. Snokeli isiyoingia kwenye fenda au boneti ni pambo tu. Ngao isiyoshikwa na chasisi ingekuwa imeng'oka kabla ya kufika Athi River.

Chora orodha ya mabadiliko. Kwa gari la kwanza yasizidi matano: kimo, ngao, snokeli, taa za fenda na mipira ya kuzuia matope. Injini, milango ya kufunguka, yote hayo yasubiri. Bahati nzuri seti nyingi za magari ya rali hazina injini, boneti haifunguki, kwa hiyo hakuna kishawishi.

Vifaa

Kisu chenye wembe wa kubadilisha, koleo dogo la kukatia, rula ya chuma, msasa wa maji namba 400, 800 na 1500, na keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole yenye ncha za milimita 0.5 hadi 2. Gundi za aina tatu: gundi ya plastiki, ile nyepesi inayoyeyusha; supaglu kwa chuma; na gundi nyeupe ya mbao kwa vitu vya kupenyeza mwanga. Gundi ya plastiki haishiki chuma hata ukiimwaga, na supaglu hutia ukungu mweupe kwenye kioo cha plastiki. Ukilikumbuka hilo umejiepusha na nusu ya majuto ya fani hii.

Kama seti inaletwa na ndugu anayekuja kwa ndege, mwambie abebe plastiki peke yake. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na gundi ya plastiki inawaka moto, kwa hiyo nayo itaishia uwanja wa ndege. Rangi tafuta huku huku, kwenye maduka ya rangi za magari. Malighafi ya kuongezea usinunue zote pia. Modeli hizi ni za polistirini, na polistirini imejaa nyumbani: makasha ya CD, vikombe vingi vya mtindi. Geuza kikombe utazame pembetatu chini yake. Namba 6 ndiyo polistirini, inashika gundi vizuri. Namba 5 ni plastiki nyingine, gundi yako haitaigusa. Fremu zinazobaki baada ya kukata vipande usizitupe kabisa, tutazihitaji mara kadhaa.

Hatua ya 1: Unganisha bila gundi

Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu iliyoipa umbo. Kata vipande vya chasisi, magurudumu na bodi, uvishikishe kwa tepu ya karatasi. Gari lisimame kwa magurudumu yake juu ya kipande cha kioo. Kioo, si meza, kwa sababu meza nyingi zina mabonde usiyoyaona.

Sasa piga picha ya ubavuni, simu ikiwa usawa wa gari. Hii ndiyo picha ya "kabla", na ndiyo itakayokupa vipimo.

Hatua ya 2: Pima kimo kwa kutumia tairi

Katika 1/24, milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari halisi. Watu husikia hivyo wakaanza kutafuta kwenye intaneti kimo halisi cha gari, takwimu ambayo timu hazikuwa na haja ya kuigawa. Huihitaji. Tairi ndiyo rula yako.

Chukua picha ya gari halisi iliyopigwa kwa ubavu. Pima kipenyo cha tairi kwenye picha, kisha pima uwazi kati ya juu ya tairi na ukingo wa fenda. Tuseme tairi ni milimita 54 na uwazi ni 8. Pima tairi la modeli. Likiwa milimita 27, yaani nusu, basi uwazi kwenye modeli uwe milimita 4. Modeli yako sasa ina uwazi wa milimita 2? Unahitaji kuongeza 2. Pima mbele na nyuma kila moja peke yake, magari ya rali mara nyingi hayalingani. Na picha iwe ya gari lililosimama. Gari linaloruka limening'iniza magurudumu, litakudanganya.

Hatua ya 3: Nyanyua gari

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nenda polepole.

Njia ya mkato inayovutia ni kuweka vipande vya plastiki kati ya bodi na chasisi. Usifanye hivyo. Utakuwa umeinua bodi peke yake, chasisi itabaki chini, na kutoka ubavuni utaona mwanga ukipita chini ya milango. Kinachotakiwa kushuka ni gurudumu, si bodi kupanda.

Angalia mahali ekseli ya gurudumu inapokaa. Kuna kitovu, kimeshikwa juu na nguzo ya shokapu na chini na mkono unaotoka kwenye chasisi. Utaongeza urefu wa shokapu na kushusha mkono kwa kiasi kilekile. Kwenye shokapu, weka alama ya penseli katikati, kata kwa msumeno mwembamba au kwa wembe ukiuburuta taratibu bila kukandamiza. Toboa tundu la milimita 0.5 kwenye kila uso uliokatwa, pitisha kipande cha waya mwembamba kiunganishe pande mbili, na katikati weka pete ya plastiki ya milimita 2 iliyokatwa kwenye fremu. Huo waya ndio utakaobeba gari. Gundi peke yake kwenye plastiki iliyokatwa itashika wiki moja, halafu siku moja gari litapiga magoti kabatini. Chini, pachika kipande cha plastiki cha milimita 2 kati ya chasisi na mkono. Seti nyingine zina nyuma iliyoumbwa kipande kimoja. Hapo toboa tundu jipya la ekseli milimita 2 chini ya lile la zamani, uzibe la zamani kwa kijiti cha fremu.

Kabla gundi haijakauka kabisa, rudisha chasisi juu ya kioo. Weka vitu viwili vya unene sawa chini ya chasisi, mbele na nyuma, vishike kimo unachotaka, na uache magurudumu yatue yenyewe. Sukuma karatasi chini ya kila tairi. Ikipita bila kukwama, tairi hilo linaelea, rekebisha sasa. Acha usiku kucha. Usiguse, hata kama mgeni amekuja na unataka kumwonyesha.

Kuhusu matairi yenyewe: ya Monte Carlo ni ya lami, rimu kubwa na mpira mwembamba. Ya changarawe yana rimu ndogo na ubavu mnene. Ukiweza kuazima seti ya magurudumu kutoka modeli nyingine ya rali, fanya hivyo kabla ya kupima kimo, la sivyo vipimo vyote vinabadilika. Ukikosa, tumia yaliyopo na uyachafue sana.

Hatua ya 4: Ngao

Nenda duka la vifaa vya umeme ununue nusu mita ya waya wa nyumba wa shaba, wenye uzi mmoja, wa 2.5. Namba hiyo ni eneo la uso wa waya kwa milimita za mraba, na kipenyo chake ni karibu milimita 1.8. Zidisha kwa 24 upate milimita 43, ukubwa unaofaa kwa bomba la ngao. Kwa vijibomba vyembamba vya kushikilia chukua wa 1.5, ambao kipenyo chake ni karibu milimita 1.4.

Menya plastiki ya juu. Nyoosha waya kwa kuuviringisha kati ya vipande viwili vya mbao bapa, la sivyo vibonde vyake vitaonekana chini ya rangi. Chora ngao kwenye karatasi kwa ukubwa wa modeli, uibandike mezani, kisha kunja waya juu ya mchoro. Kunja kwa kuzungushia kitu cha mviringo, mpini wa brashi kwa mfano. Ukikunja kwa meno ya koleo unapata kona kali ambayo bomba halisi haina, na koleo linaacha alama.

Panapokutana mabomba mawili, usiyabandike uso kwa uso. Chonga ncha ya moja kwa tupa ndogo ya duara hadi ikumbatie ubavu wa jingine, ndipo utie tone dogo la supaglu kwa ncha ya sindano. Toboa matundu mawili kwenye bampa, upitishe miguu ya ngao hadi iguse chasisi, ijaribu, kisha iondoe. Itapakwa rangi peke yake na kurudi mwishoni.

Hatua ya 5: Snokeli, taa na mipira

Snokeli ni kipande cha fremu chenye unene wa milimita 3. Kishike juu ya mshumaa, mbali na ulimi wa moto, ukizungusha hadi kilegee, kisha kikunje kufuata pembe ya nguzo ya kioo cha mbele na ukishikilie hadi kipoe. Kikitoa moshi umekiunguza, kata kingine. Msasa kidogo upande wa ndani upate ubapa wa kulalia kwenye nguzo. Toboa mdomo wa juu kwa ncha ya milimita 2, kina cha milimita 3 kinatosha. Shimo hilo dogo jeusi ndilo linalomfanya mtazamaji aamini ni bomba. Iko upande gani? Angalia picha ya gari lako.

Taa za fenda: pima kipenyo kwenye picha kwa mbinu ileile ya tairi. Taa yenye kipenyo cha milimita 150 inakuwa 6.25 kwenye modeli. Kopo la taa lichonge kwa kijiti cha plastiki au uchukue taa za akiba ndani ya boksi. Seti za Monte Carlo mara nyingi huwa na taa za usiku za kuweka kwenye boneti, ambazo gari lako la mchana halitazihitaji zote. Ndani bandika foili ya jikoni, upande unaong'aa juu. Kioo chake kitoke kwenye kasha la CD, lakini likate kwa kulikwaruza mara nyingi kwa wembe, kwa sababu ukilazimisha linapasuka na vipande hurukia macho. Kishike kwa gundi nyeupe.

Mipira ya kuzuia matope ni kazi ya dakika kumi: plastiki ya jalada la faili, nyembamba ya milimita 0.3, ikatwe kwa rula na kupinda kidogo kuelekea nyuma. Mpira wa tyubu ya baiskeli unaonekana wazo zuri hadi uupime. Unene wa milimita 1 ni sentimita 2.4 kwenye gari halisi, gari linaonekana limefungwa godoro.

Hatua ya 6: Rangi

Ziba matundu yote kwa puti, piga msasa wa maji wa 400 kisha 800, osha, kausha. Kila kitu cha kukata na kutoboa kiwe kimekwisha kufikia hapa. Kutoboa bodi iliyokwisha pakwa rangi ni kujitafutia nyufa.

Rangi za magari za dukani zina thina kali, zinaweza kula plastiki tupu. Jaribu kwanza kwenye fremu. Praima, yaani rangi ya msingi, ipulizwe kwa vumbi jepesi tabaka tatu nne, ukipumzika kati yake, hadi plastiki ifunikwe. Ikishafunikwa, rangi ya bluu juu yake haina shida. Kama unakaa Mombasa, Tanga au Dar, epuka siku ya mvua na asubuhi yenye unyevu. Rangi hizi zikikaukia kwenye hewa yenye maji hugeuka nyeupe kama zimemwagiwa maziwa. Puliza nje, vaa barakoa ya wapaka rangi, ile ya kitambaa haizuii kitu.

Stika za maji hufuata baada ya siku mbili. Loweka kila moja peke yake, isogeze kwa brashi yenye maji, kamua kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Juu yake puliza kilia (rangi angavu ya kulinda) isiyong'aa, au inayong'aa nusu. Vumbi litashika vizuri zaidi hapo.

Hatua ya 7: Vumbi

Utatamani kuchota udongo halisi wa barabarani. Chembe ya milimita 0.2 kwenye modeli ni kokoto ya karibu milimita 5, kwa hiyo udongo wa kawaida utaonekana kama gari limepita kwenye zege. Tumia chaki za rangi zilizosagwa kwenye msasa, zinatoa unga laini kuliko chungio lolote. Rangi yake itokane na mahali. Vumbi la Taita na Tsavo ni jekundu, ndilo linalowafanya tembo wa huko waonekane wekundu. La bonde la Naivasha ni la kijivu hafifu, laini sana, ndilo madereva wanaloliita feshi-feshi. Changanya chaki hadi ufanane na picha, usikisie.

Lipake kwa brashi laini, kavu, kutoka chini kwenda juu. Liwe zito nyuma ya kila gurudumu, chini ya milango, na kwenye sehemu yote ya nyuma ya gari, kwa sababu gari linapokimbia hufyonza vumbi lake nyuma. Jepesi kwenye paa. Kabla ya kuanza, kata vipande viwili vya tepu kwa umbo la nusu duara la waipa, uvibandike kwenye kioo cha mbele. Paka vumbi, vua tepu, na kioo kinabaki na madirisha mawili safi ambamo dereva angeona njia. Pangusa taa na namba za milangoni kwa pamba yenye maji. Timu zilifanya hivyo kila gari liliposimama.

Mara nyingi watu hawajui pa kuachia hapa. Weka gari mbali, kesho litazame mchana. Kuongeza ni rahisi, kuondoa kunachubua kilia. Likitosha, puliza kilia isiyong'aa ukiwa mbali, sentimita 30 hivi, mara moja tu. Kilia hufifisha vumbi kidogo, kwa hiyo jipatie ziada ndogo kabla ya kupuliza.

Sasa rudisha ngao, ikiwa imepakwa nyeusi na kuguswa kidogo kwa rangi ya fedha kwenye kona, ionekane imekwaruzwa bila shaba kuonekana. Kisha snokeli, taa za fenda, mipira ya matope. Vioo vya pembeni na antena viache viwe vya mwisho kabisa, kwa sababu hivyo ndivyo mkono wa shati hupita navyo.